Kalunguyeye na Ngome Yake ya Miiba

Mwenye shamba la viazi upande wa Timau aamkapo asubuhi na kukuta matuta yamefukuliwa, na viazi vimetafunwa nusu na kuachwa, hana haja ya kuuliza sana ni nani aliyepita usiku. Ni nungunungu. Mtu huyo hukasirika, naye ana haki, maana viazi hivyo ndivyo karo ya watoto na unga wa nyumbani. Basi usiku unaofuata mbwa wake wakibweka penye ua, hutoka na taa na rungu, akaona kitu chenye miiba kimejikunja chini ya majani. Mara hudhani kwamba amemkamata mtoto wa mwizi. Hukipiga, akarudi kulala ameridhika. Kumbe amemwua asiye na hatia, na mwizi mwenyewe yungali anakula viazi.

Mnyama huyo mdogo aitwa kalunguyeye. Katika somo hili twataka kueleza yeye ni nani, jinsi ajilindavyo na adui zake, na kwa nini ulinzi wake, ambao ni wa ajabu sana, haumfai kitu mbele ya binadamu. Tukiisha kuyajua hayo, kila mmoja ataweza kupima mwenyewe kama yafaa kumpiga rungu.

SI MTOTO WA NUNGUNUNGU

Timau ipo kaskazini mwa Mlima Kenya, penye barabara kuu itokayo Nanyuki kwenda Meru na Isiolo. Juu yake ni msitu na mlima wenyewe, uliofikia urefu wa mita 5,199. Kandokando yake ni mashamba ya ngano, shayiri, viazi na maua. Na chini yake nchi yateremka kuelekea Ngare Ndare, Lewa na nyika za Laikipia na Isiolo. Kalunguyeye hapendi msitu mnene wala kinamasi. Apendapo ni penye nyasi, vichaka, mawe na kingo za mashamba. Kwa hiyo hupatikana zaidi katika nchi hiyo ya chini. Jamii yake imeenea sana katika Afrika, tangu Senegali upande wa magharibi hata Somalia upande wa mashariki, na kusini hata Tanzania, Malawi na Zambia.

Watu wengi huwachanganya wanyama hawa wawili kwa sababu wote wana miiba. Lakini kuwa na miiba si udugu. Nungunungu ni wa ukoo wa panya: ana meno marefu ya mbele ya kutafunia, naye hula mizizi, viazi, mahindi na magome ya miti. Kalunguyeye ni wa ukoo ulio karibu na kirukanjia: ana pua ndefu iliyochongoka na meno madogo makali, na chakula chake kikubwa ni wadudu. Hafukui matuta ya viazi, maana viazi si chakula chake.

Kuwatambua si kazi ngumu. Nungunungu mzima aweza kufikia uzani wa kilo 20 hata zaidi. Kalunguyeye mzima mara nyingi hafiki nusu kilo, na urefu wake ni kama sentimita 20, yaani aweza kukaa katika viganja viwili vya mtu. Miiba ya nungunungu ni mirefu, mingine yapita sentimita 30, nayo hung'oka na kubaki mwilini mwa adui. Miiba ya kalunguyeye ni mifupi, haizidi sentimita mbili, tena haing'oki upesi. Rangi yake ni nyeupe mwanzo na mwisho, na katikati ina mkanda mweusi au wa kahawia. Tumbo lake halina miiba, ila manyoya laini meupe; uso wake ni mweusi, na paji lake ni jeupe. Tena miguu yake ya nyuma ina vidole vinne, hali jamaa zake wengi wana vitano.

Nungunungu akitishwa hugeuka, akampa adui mgongo, akatikisa miiba ya mkiani hata ikalia, kisha hurudi nyuma kwa kasi ili amchome. Wengine husema kwamba hutupa miiba yake kama mishale. Hilo si kweli. Miiba hutoka kwa kuguswa tu. Kalunguyeye hafanyi vita hata kidogo. Yeye hujifunga kama mlango.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba silaha hii ya miiba imetokea mara nyingi duniani katika koo mbalimbali. Katika kisiwa cha Madagaska yuko mnyama aitwaye tenreki, ambaye aina zake nyingine zina miiba na hujikunja sawasawa na kalunguyeye, hata mgeni akiwaona hawezi kuwatofautisha. Lakini wataalamu waliochunguza asili yake wameona kuwa ukoo wake umekaribiana na ukoo wa ndovu kuliko ukoo wa kalunguyeye. Basi tusimhukumu mnyama kwa vazi lake.

JINSI MIIBA ILIVYO

Mwiba wa kalunguyeye si mfupa, wala hauna sumu ndani yake. Ni unywele uliogeuka ukawa mnene na mgumu, umefanywa kwa kitu kile kile kifanyacho kucha zetu na pembe ya kifaru. Ndani una uwazi, na uwazi huo umegawanywa kwa kuta nyembamba, mfano wa vyumba. Kwa sababu hiyo mwiba ni mwepesi, lakini haupindiki wala kuvunjika kwa urahisi. Hesabu ya miiba ni maelfu: kalunguyeye mzima wa Ulaya, ambaye ni mkubwa kuliko wa kwetu, ana kama 5,000.

Penye shina, karibu na ngozi, kila mwiba una shingo nyembamba iwezayo kukunjika, na chini ya ngozi una kifundo kama kitunguu kidogo. Faida yake ni kubwa. Mnyama akianguka kutoka mahali pa juu, au akipigwa, shingo hiyo hukunjika, na nguvu ya pigo huishia hapo. Mwiba hauingii katika mwili wa mwenyewe. Hivyo miiba ni mkuki kwa adui na godoro kwa mwenye nayo.

Wakati wa amani miiba hulala nyuma, na mtu aweza kumpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani pasipo kuumia. Lakini akiogopa, misuli midogo iliyo chini ya ngozi huisimamisha yote pamoja, nayo hupishana huku na huku, mmoja waelekea kulia na mwingine kushoto, hata adui asipate pa kutia jino.

JINSI AJIKUNJAVYO

Miiba peke yake isingetosha, kwa maana uso, tumbo na miguu havina miiba. Hapo ndipo uonekanapo ustadi mkubwa wa mnyama huyu. Ngozi ya mgongo wake ni pana kuliko mwili, nayo haikushikana sana na nyama. Ukingoni mwa ngozi hiyo, kuzunguka mwili wote, umepita msuli mnene. Msomaji na afikiri juu ya mfuko wenye uzi mdomoni: ukivuta uzi, mdomo hufungwa na vilivyomo husitirika. Msuli ule ndio uzi wa mfuko. Kalunguyeye auvutapo, ngozi ya mgongo hushuka pande zote, kichwa na miguu huingia ndani, tumbo husitirika, akawa tufe la miiba lisilo na mwanzo wala mwisho.

Hafanyi haya yote mara moja. Kwanza, asikiapo kishindo, husimama kimya. Hatari ikikaribia, huvuta ngozi ya paji mbele mpaka miiba ifunike macho, kama mtu avutaye kofia usoni. Kisha hutoa sauti ya kufoka, mfano wa nyoka, na kurukaruka kidogo, ili kwamba pua ya adui ikisogea ichomwe. Hatari ikizidi ndipo ajifungapo kabisa. Aweza kukaa hivyo kwa saa nyingi, na kumfungua kwa nguvu za mikono ni taabu, maana kila avutwapo huzidi kukaza. Adui mwenye njaa na haraka huchoka, akaenda zake.

Watoto nao wameandaliwa tangu kuzaliwa. Mama huchukua mimba kwa muda wa siku 35 hivi, akazaa watoto wanne au watano, pengine zaidi. Huzaliwa vipofu, na miiba yao imefunikwa na ngozi iliyovimba kwa maji, ili isimwumize mama wakati wa kuzaa. Baada ya saa chache maji yale hupungua, na miiba ya kwanza, laini na myeupe, huchomoza. Macho hufunguka katika juma la tatu, na wafikapo majuma sita hivi waweza kujitafutia chakula.

HILA ZAKE NYINGINE

Ulinzi wa kwanza wa kalunguyeye ni kutoonekana. Mchana hulala chini ya chungu ya majani, katika pango la mawe, katika kichuguu kilichohamwa au chini ya kichaka. Hutoka usiku, peke yake. Macho yake hayaoni mbali sana, lakini pua na masikio yake ni hodari, na kwa hayo hujua ajaye kabla hajafika. Wakati wa ukame au baridi kali, chakula kikiwa haba, aweza kupunguza joto la mwili na mapigo ya moyo, akalala usingizi mzito mpaka hali iwe njema.

Ana desturi nyingine ya kigeni. Akikuta kitu chenye harufu au ladha kali, hukitafuna mpaka kinywa chake kijae povu, kisha hujipinda na kujipaka povu hilo kwa ulimi juu ya miiba. Mtu amwonaye hudhani ana kichaa. Mwaka 1977 mtaalamu mmoja wa Marekani, Edmund Brodie, alieleza kwamba kalunguyeye hutafuna tezi za sumu za chura, akajipaka sumu hiyo, na kwamba watu waliokubali kuchomwa na miiba iliyopakwa waliona uchungu mkali kuliko wa miiba mitupu. Kalunguyeye mwenyewe haidhuriki kwa sumu hiyo kama wanyama wengine. Wenzake wa Ulaya wamechunguzwa pia kwa habari ya nyoka, na imeonekana kuwa miili yao ina kitu kipunguzacho nguvu ya sumu ya nyoka, ingawa hakiiondoi yote.

ADUI WAMWEZAO

Hapana ngome isiyoweza kubomolewa. Yuko bundi mkubwa wa kijivu, mwenye kope za rangi ya waridi, aonekanaye katika miti mikubwa ya nchi yetu. Miguu yake ina ngozi ngumu na kucha ndefu, ambazo hupenya kati ya miiba na kufika mwilini. Amalizapo kula huiacha ngozi ya miiba, kama mtu aliyemenya chungwa, na chini ya mti alalapo huweza kukutwa ngozi hizo. Nyegere naye haogopi miiba, kwa kuwa ngozi yake ni ngumu na kucha zake zina nguvu nyingi. Mbweha na fisi hupata nafasi zao pia.

Lakini adui hawa wamekuwapo tangu zamani sana, na kalunguyeye hajaisha. Humkamata mmoja leo na mwingine kesho, na waliosalia huzaa. Hata sasa, kwa kutazama bara zima, kalunguyeye hahesabiwi miongoni mwa wanyama walio karibu kutoweka. Ila mnyama aweza kuwa mwingi katika bara na kutoweka kabisa katika shamba moja, au katika kata moja, na hasara ya hapo ni ya wenyeji wa hapo.

HATARI ZISIZOJUA MIIBA

Sasa tumefika penye kiini cha somo letu. Kujikunja ni dawa ya jino na ukucha. Adui mwenye jino huhisi uchungu, naye akihisi uchungu huacha. Lakini binadamu ameleta nchini vitu visivyohisi uchungu. Kalunguyeye hana jibu jingine ila lile lile la wazee wake, nalo sasa ndilo limwualo.

Kwanza ni gari. Kalunguyeye avukaye lami usiku akiona taa na kusikia kishindo, hakimbii, husimama, akajikunja. Gurudumu halichomwi. Karibu na Timau kumefanyika jambo la kusifiwa: tangu mwaka 2011 ndovu watokao Mlima Kenya kwenda msitu wa Ngare Ndare hupita chini ya barabara kuu, katika njia waliyojengewa. Ndovu ni mkubwa, na kila dereva humwogopa. Mnyama wa nusu kilo hawezi kujengewa daraja kila mahali. Daraja lake ni mguu wa dereva apunguzaye mwendo.

Pili ni moto. Mabua ya ngano yachomwapo, au chungu ya takataka itiwapo kiberiti, kalunguyeye aliyelala ndani huamshwa na moshi, naye hujikunja. Moto haumwachi.

Tatu ni waya wa umeme. Nyuzi hizo zimewasaidia sana wakulima kuzuia ndovu na nyati, wala hatusemi ziondolewe. Lakini uzi wa chini ukiwa karibu sana na ardhi, kalunguyeye aupitaye chini yake huguswa mgongoni. Badala ya kurudi nyuma, hujikunja papo hapo, pengine huku ameuzungusha uzi mwilini, na umeme humpiga tena na tena hata afe. Kakakuona, ambaye naye hujikunja, hufa vivyo hivyo.

Nne ni sumu. Dawa za kuua konokono, wadudu na panya huingia mwilini mwake kwa njia ya wadudu na konokono alao. Miiba iko nje; sumu imeingia ndani.

Tano ni rungu, ambalo tumelitaja mwanzo. Na hilo ndilo rahisi kuliko yote kuliondoa, kwa maana halihitaji fedha, ila maarifa.

FAIDA YAKE SHAMBANI

Mkulima atauliza, Je, mimi nafaidika nini? Ni swali la haki. Kila usiku kalunguyeye hupita kingoni mwa shamba akila mende, panzi, mchwa, jongoo, konokono na viwavi, hata wale wakatao miche michanga usiku. Haombi mshahara wala hahitaji zizi. Hatudai kwamba yeye peke yake aweza kuliokoa shamba na wadudu. Mkulima lazima aendelee na kazi yake. Lakini vibarua wa bure ni wachache ulimwenguni, na si akili kumwua mmoja wao kwa kosa la mwingine. Na tuseme kweli yote: akikuta yai la kuku chini, aweza kulila. Dawa yake ni kufunga kuku usiku katika banda lenye mlango, jambo ambalo mwenye kuku lazima alifanye vyovyote kwa ajili ya kicheche na mbweha.

YATUPASAYO KUFANYA

Mambo yenyewe ni machache, na kila nyumba yaweza kuyafanya.

1. Kabla ya kupiga, tazama. Mnyama wa miiba mifupi, mdogo kama kiganja, ni kalunguyeye. Mwite mbwa wako, umwache. Baada ya muda atajifungua na kwenda zake.

2. Ikiwa viazi vyaliwa, tafuta nyayo na mashimo ya nungunungu, uzungushe shamba kwa seng'enge yenye matundu madogo iliyofukiwa chini, na uombe shauri la ofisa wa kilimo au wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Hata nungunungu hauawi ovyo, maana naye yu chini ya sheria.

3. Chungu ya majani na takataka igeuzwe kwa uma kabla ya kuchomwa. Shamba likichomwa, moto uanzishwe upande mmoja, usizungushwe pande zote, ili viumbe vipate pa kutokea.

4. Mwenye waya wa umeme auangalie uzi wa chini. Ikiwa haja yake ni kuzuia ndovu na nyati tu, uzi huo na uinuliwe. Na kila asubuhi waya wote ukaguliwe.

5. Sumu itumike kwa kipimo kilichoandikwa, na pale tu inapohitajika, wala isitupwe kingoni mwa shamba.

6. Watoto wafundishwe kutomgeuza kuwa mpira. Tena asichukuliwe nyumbani kufugwa. Katika nchi za Ulaya na Marekani wapo wafugao kalunguyeye wa asili ya Afrika waliozaliwa vizimbani. Lakini katika Kenya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilikataza kumweka mnyama wa porini pasipo kibali. Aliyeumia achukuliwe kwa kitambaa kinene, awekwe katika sanduku lenye majani makavu, na habari ipelekwe kwa askari wa wanyamapori. Asinyweshwe maziwa ya ng'ombe, maana humharisha. Na kila amshikaye anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa huweza kuchukua vijidudu vya salmonela vinavyoumiza tumbo, na pia choa cha ngozi.

Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Kalunguyeye ameishi kwa kutegemea kwamba hakuna audharauye mwiba, na kwa mnyama mwenye meno tegemeo hilo lilimtosha. Sisi peke yetu ndio tuwezao kuuvunja mwiba pasipo kuchomwa. Kwa hiyo ngome yake ya mwisho haiko tena mgongoni mwake. Iko katika busara ya mwenye rungu, mwenye kiberiti na mwenye usukani. Usiku utakapomkuta amejikunja mbele ya taa yako, kumbuka kuwa amekwisha kufanya yote awezayo. Lililobaki ni lako.